Kuonja Bila Kumeza

Kabla sijasema neno juu ya divai, tafuteni kwanza kitu cha kutemea. Beseni, kopo, ndoo, chochote kile. Jumapili mlipokuja hapa Temeke na mjukuu wangu, nyie mnaosomea kazi za hoteli, mlifungua ile chupa yenu ya divai nyekundu ya Kitaliano, ile ya bei nafuu iliyochanganywa zabibu za aina mbili tatu, mkaigida kama maji ya mtungi, kisha mkaanza kunieleza ina ladha gani. Nikanyamaza, maana mgeni hasutwi. Lakini wajukuu zangu, mtu aliyekwisha kumeza haaminiki. Funda la kwanza husema kweli, la pili husifu, la tatu huimba. Anayeonja kwa kazi hutema.

Mie sikujifunza kutema darasani. Nilijifunza kwa hofu. Siku zile za Mwingereza, Mwafrika akikutwa anakunywa divai ilikuwa kesi. Pombe zetu za kienyeji zilikuwa na vilabu vyake, lakini divai na vinywaji vikali vya Kizungu vilikuwa vya Wazungu, na Wagoa, na wengine waliohesabiwa kuwa na vichwa vya kuvistahimili. Sisi tuliruhusiwa kushusha mapipa, kuosha chupa na kubeba makreti. Kumeza, hapana. Nami nilikuwa na sababu nyingine ya kuogopa kuliko wenzangu. Mume wangu alikuwa askari polisi.

Naitwa Skolastika, ingawa hapa mtaani kila mtu ananiita Mama Tobia. Nilikuja Dar es Salaam kutoka Songea na mume wangu Anselmi alipopangiwa kazi huku. Kota za polisi zilikuwa zimejaa, tukapanga chumba Temeke kwa Wazaramo, watu wema, Waislamu wote. Anselmi alikuwa mtu wa maneno machache na vifungo vilivyong'aa. Kazi yake kubwa upande huu ilikuwa kuwasaka wapika gongo. Akirudi nyumbani mashaka yanamfuata: huyu kamlaani, yule kalia, mwingine kamrushia jivu. Hakuipenda ile kazi, ila aliifanya sawasawa, na watu walijua kwamba hapokei kitu.

Mie nikapata kibarua cha kuosha chupa Chang'ombe, katika ghala la Mtaliano mmoja, Bwana Renzo. Vita vilimleta kama mfungwa, vilipokwisha akabaki, na Kiswahili alichojifunza kambini kilikuwa chepesi kuliko cha maofisa wengi. Divai yake iliingia bandarini ndani ya mapipa, sisi tukaitia kwenye chupa. Aliwauzia wenye mashamba ya mkonge, wenye maduka na mapadre. Haikuwa divai ya matajiri. Mwenyewe alikuwa akisema, "Hii ya mtu anayefanya kazi, Skola. Anakula, anakunywa, analala. Basi."

Divai ya bei nafuu ndiyo kazi ngumu, msidanganywe. Ya ghali imekwisha tengenezwa na watu wengine huko kwao, wewe ni kufungua tu. Ya bei nafuu lazima uisaidie. Bwana Renzo alikuwa na mapipa ya namna tatu. Namna ya kwanza ilitoka kusini kwao, kwenye jua kali: nyeusi, nzito, inapaka meno rangi. Ya pili ilikuwa nyepesi na chachu kama maji ya ukwaju. Ya tatu haikuwa na makuu, laini tu, kazi yake kuzipatanisha hizo mbili. Ukiweka nyingi ya kusini, divai inakukaba koo. Ukizidisha chachu, mnunuzi anakunja uso. Na kila meli ikileta mapipa, vipimo vya meli iliyopita havifai tena. Inabidi uanze upya kwa mdomo.

Aligundua nina pua siku nilipokataa kuosha chupa moja. Nilimwambia ilikuwa na mafuta ya taa. Aliinusa asisikie kitu, akaijaza maji ya moto, akaiacha juani, alipoinusa tena akanitazama kama mtu aliyeokota pete. Tangu siku ile akaanza kuniita pembeni anaponusa mapipa. Glasi ishike kwa mguu wake, vidole vyako vina harufu ya kitunguu. Itazame dhidi ya kitu cheupe. Nusa kabla hujaitikisa, kisha itikise unuse tena, maana harufu mbaya hutoka kwanza na nzuri huchelewa. Mwanzoni nilikuwa nanusa tu. Mdomoni sikutia.

Shida ilikuwa majina. Yeye alinifundisha kwa matunda ya kwao. "Unasikia lile tunda dogo jekundu, la mwezi wa Juni?" Namwambia, "Bwana, Juni kwetu ni baridi na mahindi ya kuchoma." Tukahangaika hivyo mpaka msimu wa zambarau. Nikamletea kikapu. Akala moja, akala ya pili, ulimi ukawa wa bluu, akasema, "Madonna! Hii ndiyo pipa la kusini." Basi tukawa na lugha yetu. Zambarau, ukwaju, karafuu, ngozi ya kiatu kipya. Na ule ukavu unaobana fizi, ambao wenyewe wanauandikia vitabu, mie nilimwambia ni ukakasi, ule wa bibo la mkorosho. Hamna haja ya kwenda Ulaya kuutafuta.

Halafu Bwana Renzo akaugua. Homa ilimshika vibaya, akapona, lakini pua haikurudi. Alikuwa ananusa kahawa kama anayenusa ukuta. Siku moja nilimkuta amekaa juu ya pipa, glasi mkononi, machozi yanamtoka, wala hakuyaficha. "Skola," akasema, "naonja maji. Yote maji." Meli ilikuwa imekwisha teremsha mzigo na wanunuzi wanangoja. Akaniomba nionje kwa ajili yake. Hakuniamuru, aliniomba. Nikaweka mdomoni, nikavuta hewa kidogo kama alivyokuwa akifanya yeye, nikazungusha, nikatema kwenye beseni. Nyingine nikajimwagia kwenye kanga.

Jioni ile ile nilimwambia Anselmi. Ndoa yetu haikuwa ya kufichana, na kanga yenyewe ilikuwa inanuka.

"Umemeza?" akauliza.

"Sijameza."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nimetema kwenye beseni."

"Nani kakuona?"

"Bwana Renzo peke yake."

Akavua kofia, akakaa kitandani. "Mama Tobia, jana nimempeleka mama mmoja kituoni kwa chupa moja ya gongo. Ana mtoto mgongoni. Leo unaniambia haya?"

"Niache kazi?"

Alijua karo ya Tobia inatoka wapi, na alijua pia, nadhani, kwamba niliipenda ile kazi. "Usiache," akasema mwisho. "Lakini uteme yote. Na nikwambie mapema: mie sitakutangaza, ila siku nikiulizwa, sitasema uongo."

Kuanzia hapo niliishi roho juu. Niliacha kanga moja ghalani ya kufanyia kazi, nikawa sivuki mlango bila kusukutua, na kila jioni nilitafuna tangawizi mpaka mashavu yakawaka. Nikipishana na askari wenzake njiani, naamkia kwa mbali na kugeuza uso kama mwari. Anselmi mwenyewe akifika nyumbani ananisogelea, ananusa hewa mbele ya uso wangu, kisha ndipo anasalimu. Wenye nyumba walidhani ni mahaba. Bibi mmoja pale uani akawa anawaambia mabinti zake, "Mnaona Wangoni wanavyopendana?"

Cheko lilikuwepo, lakini usingizi ulikuwa wa vipande. Nilikuwa naota nimemeza.

Sasa sikilizeni kisa chenyewe.

Kulikuwa na kanisa dogo Kinondoni, enzi hizo Kinondoni ni mihogo na mikorosho na nyumba za kuhesabika. Paroko wake alikuwa padre mzungu mzee sana, hata jina lake watu walikuwa wamelisahau, wanamwita Padre Mzee. Alichukua divai ya Misa kwetu kwa sababu ilikuwa zabibu tupu na bei yake aliimudu. Ikakaribia sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, akaagiza zaidi ya kawaida, kwa sababu baada ya Misa angekula chakula na wageni wake wa Kizungu pale pale kwenye nyumba ya mapadre. Katekista wake akaja na baiskeli jioni ya kuamkia sikukuu, akapakia chupa, akaondoka.

Desturi yetu ilikuwa hivi: kila tukijaza, tunabakiza chupa moja ya mkupuo ule, inalala, asubuhi inafunguliwa na kuonjwa. Divai ikitoka kwenye pipa kuingia kwenye chupa hushtuka kama mtoto aliyehamishwa kitanda, haisemi kweli siku ile. Asubuhi ya sikukuu Bwana Renzo alikuwa amekwenda Morogoro na mzigo. Nikafungua ghala peke yangu, nikikusudia kuonja halafu niwahi kanisani kwetu.

Nilinusa. Ukungu. Gunia lililolowa.

Ugonjwa wa namna hiyo upo, unaletwa na kizibo kibovu, na nyie mtakutana nao. Divai yenye ugonjwa wa kizibo haina raha, lakini haimdhuru mtu. Nikataka kuimwaga niendelee na mambo yangu. Lakini nilikuwa nimefundishwa kutosadiki pua peke yake, nikatia tone mdomoni. Zambarau haikuwepo. Ukwaju haukuwepo. Kulikuwa na kitu kama mafuta kilichotandaa ulimini, na nilipotema, ulimi ukabaki mzito, ncha yake imekufa ganzi. Nikasukutua, nikasukutua tena. Ganzi ikabaki. Je, ni divai, au ni hofu yangu tu? Nimekunywa chai ya moto asubuhi, au sikunywa? Sikukumbuka hata nilichokula.

Nje nilisikia kengele ya baiskeli ya Mzee Mwinyimvua. Huyu alikuwa mnunuzi wa chupa tupu, Mzaramo wa Mbagala, anazunguka mashambani na magunia yake na kutuletea. Nikatoka mbio hata shikamoo nikaisahau.

"Mzee, chupa ulizoleta juzi ulizitoa wapi?"

"Marahaba," akasema, kunikumbusha. Kisha akaona uso wangu. "Kuna nini, mwanangu?"

"Shikamoo mzee. Zile chupa."

"Zile nimezitoa shamba la mkonge, kwa yule anayechunga ng'ombe wa maziwa wa bwana. Zilikuwa zimepangwa bandani."

"Bandani penye nini?"

Akafikiri. Nilimwona anaanza kuelewa, na kuelewa kwake kukanitisha kuliko ganzi ya ulimi. "Penye dawa ya kupe," akasema polepole. "Wanaitia kwenye chupa, wachungaji wanakwenda nayo porini. Lakini mie alinipa zilizokauka. Nilidhani ni za divai tu."

Zilizokauka! Dawa ya mafuta ikikauka inajificha kwenye ule mfereji wa kitako cha chupa, na magadi hayaitoi. Wiki ile mie nilikuwa kwenye mapipa, na waoshaji wote wawili walikuwa na mafua, hakuna kati yao aliyeweza kunusa kitu. Nikamwomba Mzee Mwinyimvua anuse ile chupa niliyoifungua.

"Astaghafirullah, Mama Tobia. Mie nitie pua yangu kwenye kitu hicho?"

"Mzee, kuna padre atainywa sasa hivi."

Akaishika kwa ncha za vidole, akafumba macho kama anayekunywa kwinini, akanusa. "Ukungu," akasema. "Banda lile lilinuka hivi hivi." Halafu akaongeza, "Labda. Siwezi kuapa."

Wala mie nisingeweza kuapa. Hilo nataka mlishike, kwa sababu mkisimuliwa hadithi kama hizi mnadhani mtu alijua. Sikujua. Nilikuwa na ulimi mzito, harufu ya gunia na labda ya mzee mmoja. Na upande wa pili wa mizani nilijua mambo mawili kwa hakika: kwamba nikifika pale nitaulizwa nimejuaje, na kwamba jibu lake ni kesi. Kumbe kulikuwa na la tatu. Sikukuu ile kungekuwa na wakubwa kanisani, na Anselmi alikuwa amepangwa lindo mlangoni. Mkubwa wake mwenyewe, Inspekta, alikuwa Mkatoliki, na Misa zake alisali pale.

Mzee Mwinyimvua alikwisha mwaga magunia yake chini. "Panda," akasema.

Nilipanda nyuma ya baiskeli na ile chupa nimeifunga kwenye kanga kifuani. Tukapita Ilala, tukashuka bonde la Msimbazi, kwenye mlima wa Magomeni tukashuka tukakokota wote wawili, yeye anahema, mie nameza mate na kuogopa kuyameza. Watu wanatushangaa: mke wa askari kabebwa na muuza chupa. Njiani mzee aliniuliza mara moja tu, "Mwanangu, kichefuchefu unasikia?" Nikamwambia nasikia. Akakanyaga pedeli kwa nguvu zaidi.

Tulipofika, nilisikia wimbo kabla sijaliona kanisa. Walikuwa katika Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, kwa Kilatini kama ilivyokuwa zamani. Nikajua nilipo. Nasadiki ikiisha, padre anapokea mkate na divai. Ile niliyoijua kwa moyo tangu utotoni, mstari kwa mstari, sasa ikawa kamba inayokwenda ukingoni.

Anselmi alikuwa mlangoni, kaptula imenyooka, fimbo kwapani.

"Mama Tobia! Tobia ana nini?"

"Tobia mzima. Divai ya padre ina dawa ya kupe. Nimeonja chupa mwenzake."

Alinitazama, akatazama chupa, akamtazama Mzee Mwinyimvua aliyekuwa ameinama juu ya usukani anatafuta pumzi.

"Una hakika?"

"Sina."

"Afande yumo ndani. Benchi la mbele."

"Najua."

"Ukisema umeonja..."

"Najua, Baba Tobia."

Ndani walikuwa wanaimba ufufuko wa wafu. Bado kidogo sana. Anselmi angeweza kunizuia, na mbele ya watu ingeonekana ni kazi yake anafanya. Lakini akapisha njia. "Pita upande wa sakristia," akasema. "Usikatize katikati ya watu."

Sakristia, kile chumba cha padre kuvalia mavazi ya Misa, niliikuta na katekista, na alipoona mwanamke anaingia akanyoosha mikono kama anayefukuza mbuzi. Nikamwambia. Hakusikia, au alisikia lakini alichosikia hakikuingia akilini. "Mama, Misa inaendelea! Nenda kwa wanawake wenzako!" Nyuma yake, kwenye meza ndogo pembeni ya altare, niliona kile kichupa cha kioo kimejazwa, chekundu. Kwaya ikaimba Amina.

Sijui nilipitaje. Najua nilikuwa mguu mmoja peku, ndala moja ilibaki barabarani. Nikatoka kwenye ile sakafu ambayo mwanamke hakuikanyaga ila kwa kufagia, nikasimama mbele ya padre aliyekwisha kunyoosha mkono. Kanisa lote likavuta pumzi pamoja. Kumbukeni, siku zile wakati wa Misa hata kukohoa tulikohoa kwa aibu.

"Nini, binti yangu?" Padre Mzee akauliza, kwa sauti ndogo kama tupo sebuleni.

"Padre, usiinywe. Divai ina sumu. Nimeionja."

Nilikusudia kunong'ona. Haikutoka hivyo. Benchi la mbele likalia, mtu mzito amesimama.

Padre akakichukua kile kichupa, akakinusa, akakunja uso, akakinusa tena. Alikuwa mzee, sidhani kama alisikia kitu. Alinitazama miguu, ule mmoja wenye ndala na ule mwingine wenye vumbi. Akamgeukia katekista. "Kabatini kuna chupa ya zamani, imebaki kidogo. Ilete." Kisha akaniambia, "Kaa hapo, uniombee." Misa ikaendelea. Nilikaa sakafuni, na sala yangu ilikuwa moja tu isiyo ya kitakatifu: Mungu wangu, nisiwe nimekosea.

Baada ya Misa tulikuwa wanne sakristia: padre, Inspekta, mie, na Anselmi aliyeitwa kutoka mlangoni. Inspekta alikuwa mtu mwekundu mwenye masharubu ya rangi ya mahindi, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri.

"Wewe nakunywa divai?"

"Sikunywa, bwana. Nimeonja."

"Tofauti gani?"

"Nilitema."

Hakuelewa, au alitaka kuona kama naelewa mie mwenyewe. Akaagiza glasi ya maji na beseni. "Onyesha." Basi nikaonyesha, mbele ya padre na mkubwa wa polisi na mume wangu, mdomo umekauka na ulimi bado mzito. Nikashika glasi kwa mguu wake, nikanusa maji, nikavuta hewa, nikazungusha, nikatema. Yalitoka uzi mmoja mwembamba, yakaangukia katikati ya beseni lililokuwa kule ukutani, hata tone halikuanguka sakafuni. Padre Mzee akapiga kofi moja la furaha, kisha akakumbuka mahali alipo.

Inspekta hakucheka. Akamgeukia Anselmi.

"Konstebo. Huyu nani?"

"Mke wangu, afande."

"Wewe najua anafanya hii kazi?"

Nilimtazama Anselmi. Neno moja lingemwokoa. Mie nisingelikanusha, padre asingejua, Mzee Mwinyimvua yuko nje anapunga upepo. Nilitamani aseme hapana. Nilimwombea aseme hapana.

"Najua, afande. Tangu mwanzo."

Inspekta akazichukua chupa zote, pamoja na ile ya kifuani mwangu, zikapelekwa kwa mkemia wa serikali. Sisi tukarudi Temeke kungoja.

Kungoja kule ndiko kuliniharibu. Ganzi ya ulimi iliisha siku ya pili, na badala ya kufurahi nikaingiwa na woga mpya: mbona imeisha? Labda haikuwa kitu. Labda nimevuruga Misa ya Bikira Maria kwa ugonjwa wa kizibo. Mtaani habari zilikwisha fika, na wapika gongo waliowahi kukamatwa na Anselmi walikuwa na sherehe yao. Napita kisimani nasikia, "Huyo mlevi wa divai, mume anatukamata sie!" Walikuwa na haki yao. Bwana Renzo alirudi kutoka Morogoro akafunga ghala, akaketi mlangoni akivuta sigara. Aliponiona aliniambia tu, "Skola, kama umekosea, mimi ningetaka ukosee hivyo hivyo." Lakini akawasha sigara nyingine kabla ya ile kwisha.

Majibu yalipokuja, Anselmi aliitwa ofisini, akarudi kwa miguu, nikamwona tangu kule kona hana haraka. Akaingia, akafunga mlango.

"Chupa mbili," akasema. "Moja ni ile uliyoonja. Nyingine ilikuwa mezani kwa wageni wa padre, bado haijafunguliwa. Mkemia kasema mtu akimaliza glasi mbili tatu, hajui kama angeamka."

Nikalia. Nilitaka kufurahi, nikalia.

Kesi yangu haikwenda mahakamani. Inspekta alisema sheria inakataza kunywa, na yeye kwa macho yake aliona mtu anayetema. Bwana Renzo alipewa onyo kali na kukatazwa kuonjesha Waafrika, na chupa za kuokota zikapigwa marufuku ghalani kwake. Mzee Mwinyimvua akahamia kwenye biashara ya magunia. Na Anselmi, aliyekuwa anangoja utepe wa koplo mwaka ule, hakuupata. Alipewa uhamisho wa Masasi. Hakuna aliyesema ni adhabu. Tulifunga mizigo, tukaenda.

Padre Mzee alikuja kutuaga, akakaa kwenye kigoda chetu, akaniuliza kwa siri kubwa, "Binti, nieleze. Divai yangu ya siku zote, ile nzuri, ina ladha gani hasa?"

"Ya kawaida, padre. Chachu kidogo, na zambarau."

Akashusha pumzi. "Miaka yote hii nilidhani ni ulimi wangu unazeeka."

Masasi tulikaa mpaka Tobia akaanza kunyoa ndevu. Huko nilionja mabibo na togwa na kunyamaza. Sheria ilipolegezwa, tukawa tumerudi Temeke, na Bwana Renzo, kichwa chote cheupe, akanitumia mtu: pua haijarudi, njoo. Nikaanza tena, safari hii mlango wazi, wageni wanaona. Na bado nilitema, na bado nilitafuna tangawizi. Mwili haujui kwamba sheria imefutwa, wajukuu zangu, unahitaji kuambiwa mara nyingi.

Anselmi alistaafu na mabega yake matupu. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Siku aliyorudisha sare, nilileta nyumbani chupa moja ya mchanganyiko nilioupima mwenyewe, nikaifungua pale mezani mchana kweupe, nikamtilia kidogo. Maisha yake yote alikuwa hajaionja. Nikamwonyesha kushika glasi. Akanusa, akatikisa, akanusa tena, mtiifu kama kuruta. Akatia funda mdomoni, akazungusha, na macho yake yakaanza kutafuta beseni.

"Meza, Baba Tobia," nikamwambia. "Siku hizi ruhusa."

Akakaa na ile divai mdomoni, mashavu yamejaa, mzee wa watu. Akageuza shingo akautazama mlango. Akautazama kwa muda mrefu. Kisha akameza.